Fielder iliyobeba mbuzi wa Idd: uchambuzi wa kisa cha harufu iliyokataa kutoka

Usuli

Hiki ni kisa cha gari moja iliyoletwa kwetu kusafishwa ndani hapa Mombasa, baada ya Idd ya kuchinja kupita. Jina la mwenyewe, namba ya gari na mtaa anaokaa nimeviondoa. Mengine nimeyaacha vile yalivyokuwa manake nataka msomaji aone kwa nini gari inaweza kuoshwa, ikang'ara, ikanukia vizuri kabisa, halafu mvua ikinyesha usiku mmoja tu asubuhi ukifungua mlango unapokewa na ile harufu ile ile.

Gari yenyewe ni Toyota Fielder, siti za kitambaa cha kijivu, buti kubwa, gari ambayo nusu ya mji wanayo. Mwenyewe anaendesha teksi ya app, kwa hivyo ile gari ndo duka lake na ndo shamba lake. Pasenja akiingia akashusha kioo haraka haraka hata kama hakusema neno, ujue akishuka atapiga nyota mbili, na nyota zikishuka kazi nazo zinapungua, kwa hivyo hili halikuwa swala la starehe, lilikuwa ni swala la unga nyumbani.

Kitu kingine cha kuweka akilini ni hali ya hewa yetu. Pwani hapa unyevu uko juu mwaka mzima, na Idd ilikuwa imeangukia kwenye mkia wa masika, yaani mvua za Mei bado zinatudai. Gari ikisimama juani vioo vimefungwa joto la ndani linaweza kupita nyuzi 50, jioni ikipoa unyevu unarudi kwenye vitambaa na sponji. Joto linaifukuza harufu itoke, unyevu unaiamsha iliyolala. Mtu wa Nairobi anaweza kuosha siti zake akaacha milango wazi mchana mmoja na mambo yakaisha, lakini hapa ukifanya hivyo hivyo unabaki na sponji mbichi inayovunda.

Ilivyotokea

Siku chache kabla ya Idd alienda Mariakani kununua mbuzi, wa nyumbani kwake na wa jamaa, mmoja wao beberu mkubwa mwenye ndevu. Pickup za kukodi bei zilikuwa zimeruka, na kila mtu alikuwa anazitaka siku hiyo hiyo. Akaamua kuwabeba mwenyewe, akalaza siti za nyuma, akatandika magunia, juu yake kipande cha nailoni, akawapakia miguu imefungwa.

Nailoni ilikuwa imelala flati tu, kingo zake hazikuinuliwa. Barabarani kuanzia Mazeras kushuka Miritini kukawa na jam ya malori kama kawaida, jua kali, mbuzi wanalia, wamebanana, na mnyama akishikwa na hofu anakojoa na kunya zaidi ya kawaida. Mkojo ukatiririka kwenye nailoni ukaenda pembeni, na pembeni ndo kuna ile nafasi kati ya siti iliyolazwa na buti. Yeye mbele alikuwa amefunga vioo na AC ameiweka kwenye ile ya kuzungusha hewa ya ndani ili apoe haraka. Hiyo iwekeni akilini, ntairudia.

Alipofika nyumbani usiku alishusha mbuzi, akafagia mavi, akatupa magunia, halafu akachukua mpira wa maji akapiga buti lote mpaka maji yakatoka safi. Ukimuona mtu anafanya hivyo utasema huyu ni msafi, na kweli nia ilikuwa nzuri. Lakini buti la gari si sakafu ya bafu, halina tundu la kutolea maji pale juu. Maji yaliuchukua mkojo yakaushusha chini ya kapeti, chini ya ubao wa buti, mpaka kwenye shimo la spea.

Yaliyojaribiwa kabla hajaja kwetu

Kwanza marashi ya gari, yale ya kuning'iniza kwenye kioo na yale ya kopo chini ya siti. Kisha mama watoto akasema hebu tuifukize, akaingiza chetezo cha udi na ubani ndani ya gari milango imefungwa. Udi nyumbani kwetu ni kitu cha heshima, lakini moshi hautoi mkojo kwenye sponji, moshi unakaa juu ya kitambaa na kwenye paa, kwa hivyo siku mbili baadaye gari ilikuwa inanuka udi na beberu kwa pamoja, na pasenja mmoja akamwambia waziwazi, "Kaka, gari yako yanuka kama zizi lililofukizwa."

Akaipeleka kuoshwa sehemu nyingine. Huko wakapiga shampuu ya povu jingi kwenye siti na kapeti, wakavuta kwa vakyumu ya kawaida, wakaikabidhi jioni ile ile. Ikanukia siku moja. Akarudi kulalamika, na safari hii kijana mmoja akamwaga klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile sote tunaiita jiki, moja kwa moja kwenye buti. Baada ya dakika chache akaanza kukohoa, macho yanamchoma, ikabidi atoke nje akae upepo unapovuma.

Hapa nisimame kidogo, manake hili ni jambo la kumuumiza mtu. Mkojo ukikaa unatoa amonia. Klorini ikikutana na amonia inatoa gesi ya kloramini, ambayo inachoma macho, koo na mapafu, na ndani ya gari hewa ni kidogo kwa hivyo inajikusanya upesi. Usimwage jiki kwenye mkojo wa mnyama ndani ya gari, hata kidogo, hata milango ikiwa wazi. Na ikitokea mtu ameshamwaga, toka nje kwanza, fungua milango yote, acha hewa ipite, halafu ndo urudi na maji mengi ya kusuuza.

Kapeti ikabaki na doa jeupe na harufu ikarudi. Ndo akaletwa kwetu na dereva mwenzake. Alifika akasema, "Fundi, hii gari nishaiosha mpaka nimechoka, au niiuze tu?"

Tulichokikuta tulipofungua

Hatukugusa sabuni siku hiyo. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta wapi harufu imelala, manake harufu haikai hewani peke yake, kuna mahali inatokea, na ukiosha pasipo pahali pake unaosha bure.

Tulifunga milango gari ikae juani kama nusu saa, halafu tukafungua mlango mmoja mmoja na kunusa kwa karibu, pua inchi chache kutoka kwenye kitambaa. Siti za mbele zilikuwa sawa. Nyuma ya egemeo la siti ya nyuma, ule upande ambao beberu aliegemea, harufu ilikuwa nzito ya mafuta. Kwenye buti ilikuwa kali ya kuwasha pua. Ilipofika jioni kukiwa na giza tukatumia tochi ya kukagulia noti, ile yenye mwanga wa zambarau wanayotumia wenye maduka, manake mkojo uliokauka unang'aa rangi ya manjano chini ya mwanga huo. Sabuni nyingi za kufulia nazo zinang'aa, zinang'aa buluu, kwa hivyo lazima uwe makini usije ukakimbizana na alama za shampuu. Mng'ao wa manjano ulianzia kwenye bawaba za siti ukaenda mpaka ukingo wa ubao wa buti, halafu ukapotea ndani.

Kesho yake tukainua ubao. Chini yake spea ilikuwa imelala kwenye maji ya rangi ya chai, kimo cha kidole, na ndani yake mavi ya mbuzi yamevimba na kupasuka, nywele, na mabaki ya povu la shampuu. Kuzunguka ile bolti inayoshikilia spea palikuwa na duara la chumvi ya manjano iliyokauka, na chini ya chumvi chuma kilikuwa kimeanza kushika kutu. Mwenye gari alikuwa amesimama hapo hapo. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu tukang'oa kikalio cha siti ya nyuma na kuinua kapeti. Chini ya kapeti kuna blanketi zito la kuzuia kelele, limetengenezwa kwa nyuzi za vitambaa vilivyosagwa. Nililifinya kwa mkono likatoa maji ya povu yenye harufu ya shampuu na amonia pamoja, yaani ile shampuu ya huko kwingine ilikuwa bado iko mle ndani, haijawahi kutoka wala kukauka. Juu kitambaa kikavu kabisa, unakipapasa unasema safi, chini yake ni kinamasi.

Harufu mbili, si moja

Kabla ya kusema tulifanya nini lazima nieleze hili kwa sababu ndo lilituongoza kwenye maamuzi yote.

Mkojo wa mbuzi ukitoka tu hauna harufu kali sana. Ndani yake kuna urea, na bakteria wakiipata wanaivunja kuwa amonia, ndo ile inayopiga pua. Bakteria wanataka unyevu na joto, na gari ya Mombasa ina vyote viwili. Ndo maana siku ya kwanza mtu anaona afadhali na siku ya nne hali imekuwa mbaya zaidi ingawa hakuna kilichoongezwa.

Harufu ya beberu ni kitu kingine kabisa. Ile inatokana na asidi za mafuta, inatoka kwenye tezi zilizo karibu na mapembe na kwenye ngozi yake, na juu ya hapo beberu ana tabia ya kujikojolea ndevu na miguu ya mbele, hasa msimu wa kupandana. Kwa hivyo popote alipojisugua anaacha mafuta. Mafuta hayatoki kwa maji, hayatoki kwa siki, na udi ndo kabisa.

Sasa wengi wanachukua siki na magadi ya kuokea, ile bikabonati, wanavichanganya kwenye chupa moja kwa sababu vikikutana vinatoa povu na povu linaonekana kama kazi inafanyika. Povu hilo ni asidi na alkali zinauana. Ukishavichanganya umebaki na maji yenye chumvi kidogo. Kila kimoja kina kazi yake peke yake: siki ni asidi, inaituliza amonia ambayo ni alkali. Bikabonati ni alkali dhaifu, inazituliza zile asidi za beberu na inafanya kazi vizuri ikiwa pamoja na sabuni ya vyombo inayokata mafuta. Kimoja kwa mkojo, kingine kwa beberu, kila kimoja mahali pake na wakati wake.

Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

La kwanza lilikuwa kutupa lile blanketi la chini ya kapeti kwenye buti na chini ya siti ya nyuma. Mwenye gari hakutaka, alisema lioshwe lianikwe. Tulimweleza kwamba ni nene, limeshakunywa mkojo, shampuu na jiki, na kwa hali ya hewa ile lingechukua siku nyingi kukauka na kabla halijakauka lingeota ukungu. Kununua felti mpya kwa fundi wa viti na kuikata kwa kipimo cha ile ya zamani ilikuwa rahisi kuliko siku za kazi ambazo angepoteza. Akakubali. Kwangu mimi hili ndo lilikuwa uamuzi uliobeba kazi yote.

La pili, kutoa chumvi na uchafu kwenye chuma. Tulitoa spea, tukanyonya yale maji kwa vakyumu ya maji, tukasuuza shimo mara kadhaa kwa maji ya kawaida, tukang'oa kile kizibo cha raba cha chini ili yatoke, mpaka pale palipokuwa na jiki hapana harufu ya klorini hata kidogo. Kisha tukapaka siki iliyopunguzwa, kipimo kimoja cha siki kwa viwili vya maji, tukaiacha kama robo saa, tukasuuza tena. Siki na jiki nazo hazitakiwi kukutana, zinatoa gesi ya klorini. Ndo maana maji matupu yalitangulia. Tulipomaliza tukakausha, tukapiga msasa mdogo kwenye kutu na kupaka rangi ya kuzuia kutu.

La tatu, siti na kapeti. Hapa tulitumia dawa ya vimeng'enya, ile inayouzwa maduka ya vyakula vya paka na mbwa. Vimeng'enya vinavunja vile vitu vya mkojo vyenyewe badala ya kuvifunika. Lakini dawa hii ina masharti na watu wengi wanaidharau kwa sababu hawayafuati. Haipendi kukutana na jiki wala sabuni kali, zinaiua, kwa hivyo lazima usuuze kwanza. Haipendi joto kali, kwa hivyo usiipake gari ikiwa juani. Inahitaji kufika kule mkojo ulikofika, kama mkojo ulizama inchi mbili ndani ya sponji basi dawa nayo izame inchi mbili, kupuliza juu juu ni kupoteza pesa. Na inafanya kazi ikiwa mbichi, ikikauka inasimama. Sisi tulilowesha kikalio mpaka kikajaa, tukakifunika kwa nailoni, tukakiweka kivulini usiku kucha.

Egemeo alilojisugua beberu, pamoja na plastiki za pembeni na za mlango wa nyuma, tulianza na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu yenye bikabonati, vijiko viwili vya mezani kwa lita, brashi laini, futa, suuza, rudia. Maji ya moto sana tuliyakataa, joto linaweza kugandisha doa lenye protini kwenye kitambaa. Mkanda wa siti ya nyuma nao ulikuwa umelowa mkojo, huo tuliuvuta wote nje tukauosha kwa sabuni laini na maji tu, tukaubana kwa kibanio usirudi ndani mpaka ukauke. Mkanda hauwekwi jiki wala dawa kali kwa sababu nyuzi zake zinadhoofika, na ule ndo unaomshika mtoto wa mtu gari ikigonga.

La nne, AC. Mnakumbuka alikuwa anazungusha hewa ya ndani safari nzima. Hewa yote ile yenye mvuke wa mkojo ilikuwa inapita kwenye filta na kwenye ile redieta ndogo ya baridi iliyo ndani ya dashibodi, ambayo muda wote iko na majimaji. Filta ya Fielder iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, unashusha kisanduku unaivuta. Ilikuwa nyeusi na ina nywele za mbuzi. Tukaweka mpya, tukapuliza povu la kusafishia AC kwenye njia ya hewa, tukaiwasha na feni ya juu, hewa ya nje, vioo wazi.

La tano lilikuwa la kukataa. Mwenye gari alisikia habari za mashine ya ozoni akataka tuanze nayo. Ozoni inafanya kazi, hilo sikatai, inavunja harufu iliyobaki kwenye vitambaa. Lakini haiingii kwenye blanketi lililolowa, na gesi yenyewe ni mbaya kwa mapafu, lazima gari iwe tupu kisha ipate hewa ya kutosha, na ikitumika mara nyingi inazeesha raba za milango. Kuanza na ozoni wakati kuna mkojo kwenye shimo la spea ni sawa na yale marashi ya kioo, tofauti ni bei.

Kukausha

Hii sehemu watu wanaipita haraka na ndo inayowaangusha. Kila tulipolowesha tulivuta maji kwa vakyumu mpaka ikawa haitoi kitu tena. Kikalio tulikisimamisha ubavu, si kukilaza, ili maji yashuke upande mmoja na kutoka, na feni ya mezani ikikielekea. Gari ilikaa milango wazi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa kila palipokuwa na jua, na upepo wa kusi ulitusaidia sana. Mawingu yakikusanyika tunaingiza chini ya paa.

Kupima kama sponji imekauka usipapase kwa kiganja. Weka taulo nyeupe kavu au tishu kadhaa, pandisha goti, kandamiza kwa uzito wote, hesabu mpaka thelathini. Ikitoka na hata dalili ya ubichi, bado. Yeye alikuwa anapiga simu kila jioni, "Fundi, niijie?" na kila jioni tunamwambia bado. Nilimuelewa, kila siku gari ikilala ni pesa inapotea. Lakini kurudisha kapeti juu ya felti mpya ikiwa sponji bado mbichi ni kuanza ugonjwa upya.

Matokeo

Kabla ya kumkabidhi tulifunga gari juani mchana mzima, halafu tukaiacha usiku nje. Mvua ikanyesha alfajiri. Asubuhi hatukunusa sisi, manake pua ikishazoea harufu inaacha kuisikia, na sisi tulikuwa tumeshinda nayo. Tulimuomba mama muuza mahamri wa pale jirani, ambaye hajui chochote kuhusu ile gari, afungue mlango wa nyuma aseme anasikia nini. Akasema, "Sabuni." Akaulizwa tena anuse chini. Akasema sabuni, na rangi.

Mwenye gari alirudi baada ya wiki kadhaa za kazi. Buti safi, siti safi, pasenja hawashushi tena vioo. Kilichobaki ni harufu hafifu ya beberu kwenye kitambaa cha paa, pale nyuma kabisa, inayosikika gari ikiwa imechomwa na jua na ukisogeza pua. Doa jeupe la jiki halikutoka na halitatoka, rangi ya kapeti ilishaliwa.

Kilichofanya kazi na kilichofeli

Kilichookoa gari hii ni kufungua. Hakuna dawa iliyokuwa na uwezo wa kufanya lolote kama spea ingebaki imelala kwenye yale maji. Siku hizi nikiambiwa gari imeoshwa ikarudi kunuka, swali langu la kwanza ni nani aliinua ubao, na mara nyingi jibu ni hakuna.

Kutenganisha harufu mbili pia kulilipa. Kama tungetumia vimeng'enya peke yake, mkojo ungekwisha na beberu angebaki kwenye egemeo, na mwenye gari angesema dawa haifai.

Kilichofeli ni paa. Kitambaa cha paa kimegandishwa kwa gundi kwenye ubao mwembamba, ukikilowesha gundi inaachia na kinaanza kuning'inia, kwa hivyo tuliweza kukifuta tu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Hapo moshi wa udi na mafuta ya beberu vimeshikana. Hapa ndo ozoni ingekuwa na nafasi yake, mwishoni, gari ikiwa kavu na chanzo kimeshatoka. Mwenyewe aliamua kuacha kwanza aone kama itaisha na wakati.

Mpira wa maji wa usiku ule ndo ulioligeuza tatizo la saa moja likawa la majuma. Kama mkojo ungebaki juu ya kapeti ungefutika. Na shampuu bila kuvuta maji iliongezea bakteria ubichi wa kuishi. Sisemi hivyo kumlaumu mtu, hapa pwani sote tumelelewa kwamba usafi ni maji mengi, na nyumbani ni kweli.

Niongeze neno moja la paka, kwa sababu tunawapata wengi, hasa magari yanayolala vioo nusu wazi mitaa ya Mji wa Kale. Mkojo wa paka dume una vitu vyenye salfa ndani yake, ni mkaidi kuliko wa mbuzi, na dume akishaweka alama mahali anarudi pale pale. Njia ni ile ile ya vimeng'enya na subira, lakini usitumie chochote chenye amonia, kwa pua ya paka hiyo inafanana na mkojo na inamuita.

Kwa atakayebeba tena

La kwanza kabisa ni kutafuta pickup mapema, mchange na majirani, mbuzi wasimame wapate hewa. Kumfunga mnyama miguu na kumbana kwenye buti jua la saa saba ni mateso, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa. Kusafirisha mifugo pia kunahitaji kibali cha idara ya mifugo, kichukueni kule kule sokoni kabla ya kuondoka.

Kama hakuna njia nyingine na ni kambuzi kamoja na safari ni fupi, tandika turubai zito lisilopitisha maji, kubwa kuliko buti, kingo uzikunje ziinuke pande zote kama beseni na uzibane juu mpaka nyuma ya siti. Juu yake mwaga maranda ya mbao kutoka kwa seremala yeyote, mengi, kimo cha kiganja, yananyonya mkojo papo hapo kabla haujatembea. Egemeo la siti na plastiki za pembeni zifunike kwa shuka kuukuu, hasa kama ni beberu. AC weka hewa ya nje na kioo cha nyuma kiwe wazi kidogo.

Na mkojo ukimwagika licha ya yote hayo, simama pembeni penye usalama, kandamiza kwa matambara makavu au maranda mpaka yasilowe tena, usisugue. Ukifika usiku ule ule inua ubao wa buti uangalie shimo la spea kwa tochi kabla ya kugusa maji. Mwenye hii Fielder sasa ana turubai lake limekunjwa chini ya kitanda na namba ya mtu wa pickup wa Mariakani kwenye simu, ameshamwambia amuwekee nafasi Idd ijayo.